Jiwe Kwenye Foleni ya Sabuni

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Tanzania, foleni ya duka la ushirika alfajiri ilikuwa ya mawe. Jiwe, kipande cha tofali, kopo bovu: kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, aliyekishikia nafasi akaenda kuchota maji kwanza. Duka likifunguliwa, mche wa sabuni ulikatwa vipande vipande, na aliyechelewa aliondoka mikono mitupu.

Watu waliwalaani walanguzi, na hawakukosea kabisa. Ila viwanda vyenyewe vilikuwa vimekosa malighafi na vipuri, maana nchi haikuwa na dola. Bei ya mafuta ilipanda 1973, ikapanda tena 1979. Katikati yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kisha Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vikala fedha zinazokadiriwa kufikia dola milioni 500. Tulikuwa tukikopa ili kununua mafuta.

Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikuwa tayari kukopesha, kwa masharti: shilingi ishushwe thamani, matumizi ya serikali yabanwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyewahi kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona hakuna njia nyingine. Rais, Mwalimu Nyerere, akakataa, na Mtei akajiuzulu mwaka huo huo wa 1979. Mwaka mpya ulipoingia, Mwalimu aliwauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini sikubali Mtei aitwe msaliti kwa jambo hili. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka na hesabu ya dola zilizobaki hazinani.

Mkataba na IMF ulisainiwa 1986, Mzee Mwinyi akiwa Ikulu. Dola iliyokuwa chini ya shilingi 20 mwaka 1985 ilivuka 50 kabla ya 1986 kwisha. Sabuni ikarudi madukani, mawe yakaondoka. Deni halikuondoka. Ada ya shule ya msingi, iliyofutwa miaka ya 1970, ilirudi, safari hii ikiitwa uchangiaji, na mzazi mwenye watoto wanne akalazimika kuchagua nani asome. Huo ndio ukurasa wa bajeti unaoniuma kuliko yote, kwa sababu aliyebakizwa nyumbani hakukopa hata senti.

Nafuu kubwa ilikuja Novemba 2001, Tanzania ilipokamilisha masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa: msamaha wa takriban dola bilioni 3, uliotandazwa kwa miaka mingi. Mwaka huo huo ada ya shule ya msingi ikafutwa. Wanafunzi milioni 4.4 wa mwaka 2000 walipita milioni 7 kufikia 2005. Waliojaa darasa la kwanza Januari 2002 hawakuwa wa miaka saba tu. Walikuwamo waliokwishafika kumi na zaidi, warefu kuliko wenzao, wamekaa sakafuni kwa kukosa madawati, wakijifunza kuandika majina yao.