Tulivyofundishwa Kuzisema Picha

Mhariri ameniomba niandike habari za chumba cha sanaa, kile kilicho nyuma ya karakana. Ndugu zangu mliotutangulia mtakikumbuka kama stoo ya majembe. Sisi tulikikuta kina kamba iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na vibanio vya nguo. Picha zote zilianikwa pale, nzuri kwa mbovu, nasi tukatakiwa kuzisema wenyewe kwa wenyewe. Nilipokuwa chuo kikuu nilianza kuifuatilia desturi hiyo ilikotoka, na hadi leo sijachoka nayo.

Zamani hukumu ya picha ilikuwa ya mwalimu peke yake. Alipita kati ya madawati, akaweka alama, basi. Mwaka 1912 mwalimu kijana aitwaye Marion Richardson alianza kazi katika shule ya wasichana mjini Dudley, Uingereza. Yeye aliwaambia wafumbe macho, akawasimulia jambo, kisha wachore walichokiona moyoni. Sasa picha iliyotoka moyoni mwa mtoto utaisahihishaje, na mezani hapana kielelezo cha kuilinganisha nacho? Hivyo akawazoeza wasichana kuzipima kazi zao wenyewe. Mwaka 1917 mhakiki mashuhuri Roger Fry aliziona picha hizo, akazionyesha London.

Miongoni mwa waliojifunza ualimu kwa Richardson ni Margaret Trowell, ndiye aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930. Naye alisimulia kwanza, ndipo wanafunzi wakachora. Mwanafunzi wake mmoja, Sam Ntiro wa Machame, alirudi kufundisha palepale, na baada ya uhuru akawa balozi wetu London. Mwalimu wetu wa sanaa alifundishwa na mtu aliyesoma Makerere. Kwa hiyo kamba ile ya stoo ya majembe ilikuwa na ukoo mrefu kuliko tulivyodhani.

Lakini kuna jambo ambalo ukoo huo haukutusaidia. Ukimwambia kijana wa miaka kumi na minne aseme kitu juu ya kazi ya mwenzake, atasema. Na atasema kile kitakachowachekesha wengine. Najua, maana mimi ndiye niliyesema.

Ilikuwa mwaka 1995, Kidato cha Pili. Mwenzetu mmoja mpole alikuwa amechora soko la jioni. Mwalimu akauliza, "Nani ana maoni?" Nikasimama: "Ng'ombe wake amekauka kama meza." Darasa zima likaangua kicheko. Yule bwana akaenda taratibu kwenye kamba, akaitoa picha yake, akaichana vipande vinne. Muhula uliofuata aliliacha somo.

Mwalimu hakunichapa, ingawa nilingojea. Wiki iliyofuata tulikuta kambani picha moja tu: yake mwenyewe, aliyoichora alipokuwa chuo cha ualimu, nayo kwa kweli haikuwa nzuri. Akatuambia tuiseme. Kimya. Ndipo akatufundisha, na somo hilo lilichukua muhula mzima. Kwanza taja unachokiona, bila kusifu wala kulaumu. Usichokielewa, uliza. Kisha onyesha mahali kwa kidole: "miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele" ni maoni, "mbaya" si maoni. (Wenzangu wa ofisini wanalijua dokezo linalorudi na neno moja, "irekebishwe". Nirekebishe nini, mzee?)

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa ya mwenye picha. Alipaswa kunyamaza mpaka wenzake wamalize, na kuandika maneno yao nyuma ya karatasi. Halafu achague moja, achukue karatasi mpya, achore tena. Aliruhusiwa kuyakataa yote, ila aeleze kwa nini. Wengi wetu tulidhani kuchora upya ni adhabu. Kumbe bila karatasi ile ya pili, maneno yetu yote yangekuwa soga tu.

Baadaye nilisoma habari za Ron Berger, mwalimu wa Marekani, anayetaka maoni ya wanafunzi yawe ya upole, yalenge mahali hasa, na yamsaidie mwenye kazi. Hupenda kuonyesha kipepeo aliyechorwa na mtoto wa darasa la kwanza huko Idaho. Wenzake walimwambia kwanza habari za umbo la mabawa, baadaye habari za mistari yake, naye akachora tena na tena. Mchoro wa kwanza ni wa mtoto. Wa sita utadhani umetoka katika kitabu cha elimu ya viumbe. Nilipouona nilikumbuka vile vipande vinne.

Katika mkutano wetu uliopita nilimwona yule mwenzetu, sasa fundi ujenzi mwenye mvi. Nilimwendea nikamwomba radhi kwa habari ya ng'ombe. Alinitazama kidogo, kisha akacheka.

"Ndugu yangu," akasema, "ile ilikuwa meza kweli. Meza ya muuza nyama, ngozi imetandazwa juu yake. Hukuniuliza."