Hati Zetu Ziliko, na Namna ya Kuziomba

Katika kijitabu hiki wengine wameandika majina ya waliojenga na ya waliotangulia mbele ya haki. Mimi nimeombwa nieleze mahali yalipo maandishi yanayotuhusu, na jinsi mtu awezavyo kuyafikia.

Yapasa kwanza tufahamu ya kwamba maktaba na jumba la hati ni vitu viwili. Maktaba huweka vilivyopigwa chapa, yaani vitabu, magazeti na vijitabu. Maktaba ya Taifa ya Uganda iko Kampala, nayo ilisimamishwa kwa sheria ya mwaka 2003 mahali pa ile Bodi ya Maktaba za Umma ya 1964. Jumba la hati huweka karatasi za kazi ya serikali yenyewe: barua za Mabwana D.C., taarifa za kila mwaka, mashauri ya ardhi. Karatasi hizo zilikaa miaka mingi Entebbe, palipokuwa makao ya utawala wa Kiingereza, kisha zikahamishiwa Wandegeya, Kampala. Walimu na wanafunzi wa Makerere na wa Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani walizitia katika orodha faili kwa faili, na kazi hiyo yafaa kushukuriwa, kwa kuwa faili isiyo katika orodha ni sawa na ng'ombe asiye na alama katika kundi la watu wengi.

Humo zimo habari za Ankole tangu zama za Mkataba wa 1901, na za kuuawa kwa Bwana Galt pale Ibanda mwaka 1905. (Mzungu akiuawa karatasi hazikwishi, maskini akifa pengine hapati hata mstari mmoja.)

Basi atauliza mtu, karatasi kuukuu zina faida gani kwetu sisi tunaolima na kuuza sokoni? Na tazame mambo yaliyopita. Mwezi wa Februari 1979 vita vilipofika Mbarara sehemu kubwa ya mji ilibomolewa, na katika mwaka huo huo Waislamu wengi wa Ankole waliuawa na kufukuzwa makwao. Aliyekimbia usiku na watoto mgongoni hakuchukua hati ya shamba. Tena Oktoba 1982 makumi ya maelfu ya watu walioitwa Wanyarwanda walitolewa katika nyumba zao katika wilaya hii, wengine wakavuka mpaka, wengine wakasukumwa kambini, Nakivale ikiwa mojawapo. Miongoni mwao walikuwamo raia halisi, waliozaliwa hapa na baba zao hapa. Mbele ya mgambo mwenye fimbo, mtu angesema nini pasipo karatasi?

Hata umri wa Nakivale wenyewe una shauri ndani yake. Imezoeleka kuandikwa kwamba makazi yalifunguliwa 1958 na kutangazwa rasmi 1960, mwaka ule ule wa sheria ya kuwatawala wakimbizi katika Uganda. Lakini ghasia za Rwanda zilizowafukuza Watutsi zilianza Novemba 1959. Hapo mwenye akili husimama. Kukata shauri hilo si kazi ya masimulizi ya barazani, ni kazi ya faili.

Wala si hati zote zilizobaki Uganda. Mwaka 1961 serikali ya London iliagiza makoloni yake kwamba karatasi ziwezazo kuiaibisha zisirithiwe na serikali mpya. Nyingine zikachomwa, nyingine zikapelekwa Uingereza na kufichwa Hanslope Park, hata wazee wa Kenya walioteswa zama za Mau Mau walipoishitaki serikali hiyo, ndipo mwaka 2011 ikakiri kuwa nazo. Sasa zimewekwa katika jumba la hati la Kew, na za Uganda zimo. Ndugu zetu wa Kongo, walio wengi Nakivale, nao hati nyingi za utawala wa Kibelgiji zinazowahusu ziko Brussels.

Na aendaye Wandegeya, safari ya kilomita 270 hivi toka Mbarara, achukue kitambulisho na barua ya kumjulisha iliyopigwa muhuri. Aandike mbele anachotafuta: jina la mahali kama lilivyotamkwa zamani, gombolola, na mwaka. Asiseme tu, "Nataka historia ya Nakivale," maana karani hawezi kumletea chumba kizima. Ataangalia orodha, ataandika namba ya faili, kisha atangoje. Achukue penseli, kwani wino hauogopi heshima ya karatasi za babu.

Kwa karatasi zilizo bado mikononi mwa ofisi za serikali iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005. Ofisi hupewa siku 21 kujibu. Lakini sheria hiyo, kama Katiba katika kifungu cha 41, yataja haki ya raia. Mkimbizi, hata akiwa amekaa Nakivale miaka thelathini, hamo katika neno hilo. Nasema wazi kwamba hapa pana upungufu, kwa kuwa mwenye kuandikwa zaidi ya watu wote ni mkimbizi: huandikwa alipoingia, alipogawiwa kiwanja, alipopewa chakula. Kwa hiyo ombi la ndugu wa Nakivale litiwe sahihi na raia wa jamaa yetu Mbarara, naye aliandikishe kwa jina lake. Wapo watano waliokwisha kukubali, na majina yao yako kwa katibu.

Kijitabu hiki nacho, kwa sheria ile ya 2003, nakala zake hupelekwa Maktaba ya Taifa. Zimekwisha kutengwa, na zitachukuliwa na msafiri wa kwanza aendaye Kampala.