Baba Klement, wana Eichmann

Julai 1950, meli ya Giovanna C ilitia nanga Buenos Aires, akashuka abiria mwenye hati ya Msalaba Mwekundu iliyomtaja kuwa Ricardo Klement. Jina lilikuwa la uongo. Huyo alikuwa Adolf Eichmann, ofisa wa SS, kikosi cha Wanazi, aliyesimamia treni zilizowapeleka Wayahudi kwenye kambi za mauaji. Mwaka 1944 peke yake, kwa muda usiotimia miezi miwili, Wayahudi zaidi ya 430,000 walisombwa kutoka Hungaria, karibu wote wakaishia Auschwitz.

Alikuwa ameshajificha kaskazini mwa Ujerumani kwa jina la Otto Heninger, akikata miti na kufuga kuku. Argentina alifanya kazi Tucumán, akafuga sungura, mwishowe akaajiriwa katika kiwanda cha Mercedes-Benz. Mkewe na wanawe walimfuata mwaka 1952, na hapo ndipo siri ilipoanza kuvuja: baba alikuwa Klement, lakini wana waliendelea kuitwa Eichmann.

Majasusi wa Israeli wamesifiwa sana kwa kumnasa. Kwangu mimi, wa kutangulizwa ni Lothar Hermann, mtu mwenye asili ya Kiyahudi aliyewahi kufungwa katika kambi ya Dachau, akakimbilia Argentina, na ambaye macho yake yalikuwa karibu hayaoni kabisa. Binti yake alizoeana na kijana Klaus Eichmann, aliyekuwa akitoa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi bila kificho. Hermann akashtuka. Mwaka 1957 habari zake zilimfikia mwendesha mashtaka Fritz Bauer, huko Frankfurt.

Binti alikwenda mwenyewe kwa kina Klaus. Mwanamume mmoja alimpokea, akajitambulisha kuwa ni ami yake Klaus. Klaus aliporudi, akamwita baba. Msichana yule alikaa chumba kimoja na muuaji, akaondoka na ushahidi.

Na bado hawakuaminiwa! Bauer alizifikisha habari hizo Israeli, lakini jasusi aliyetumwa kutoka huko mwaka 1958 aliiona nyumba duni mtaani Olivos, akaamua mkubwa kama yule hawezi kuishi pale. Bauer hakunyamaza, alikwenda Israeli kusisitiza. Jioni ya tarehe 11 Mei 1960, Eichmann alikamatwa akishuka basi kutoka kazini, karibu na nyumbani kwake barabara ya Garibaldi. Akahukumiwa Jerusalem, akanyongwa mwaka 1962.

Hermann alidai haki yake miaka mingi. Mwaka 1972 ndipo Israeli ilipomlipa zawadi, naye akafariki 1974.