Wakimbiaji Wetu wa Vyuoni na Mwaka 1976



Kamati ya mkutano ilipoamua kuwa safari hii ukoo ukutane Durban, iliniagiza niandike kurasa chache za historia. Huenda wengi walitarajia habari za Wazanzibari wa mji huu, wale waliokombolewa katika majahazi ya watumwa na kuteremshwa hapa tangu 1873. Habari hizo zastahili kijitabu chake peke yake. Nimechagua jambo lililo karibu zaidi na sisi tuliokuja ukubwani, kwa hiari yetu, kutafuta riziki. Ni habari za vijana wa Afrika Mashariki waliopata elimu ya chuo huko Marekani kwa nguvu za miguu yao, na za Olimpiki ambayo baadhi yao waliikosa kwa sababu ya nchi hii tunamokutana.

Kwanza wajukuu waelewe mambo yalivyokuwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 vyuo vikuu vya Marekani vilianza kuwatafuta wakimbiaji wetu. Chuo kilitoa karo, malazi na chakula. Kijana alitoa mbio. Majira ya vuli alikimbia mbio za nyika, wakati wa baridi mbio za ukumbini, na majira ya kuchipua mbio za uwanjani. Mara nyingi alishindana zaidi ya mara moja katika shindano moja, kwa kuwa kila nafasi aliyoshika ilikiongezea chuo chake pointi. Baada ya hayo yote alirudi chumbani kusoma kwa ajili ya mtihani, na kwa Kiingereza kisichokuwa cha nyumbani. Wakenya Robert Ouko na Julius Sang walisoma North Carolina Central, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, na mwaka 1972 mjini Munich walikuwamo katika kikosi cha Kenya kilichotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Mike Boit, aliyesoma Eastern New Mexico, alipata shaba ya mita 800 katika michezo hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye 1976. Tarehe 16 Juni wanafunzi wa Soweto walipigwa risasi. Kabla mwezi haujaisha, timu ya raga ya New Zealand iliwasili Afrika Kusini kucheza na makaburu kama kwamba hapana lililotokea. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Olimpiki ya Montreal. Wakuu wa Olimpiki walikataa, wakisema raga si mchezo wa Olimpiki. Tanzania ilisusia, Kenya na Uganda zikasusia, na jumla yake nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, hazikushiriki. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nasi tulizipata habari hizo kwa Redio Tanzania.

Tuzitazame tarehe, maana zinaugusa mji huu wenyewe. Jumamosi, 24 Julai 1976, New Zealand ilicheza mechi yake ya kwanza kubwa dhidi ya Afrika Kusini hapa hapa Durban, katika uwanja wa Kings Park, ikafungwa 16 kwa 7. Kesho yake, Jumapili, fainali ya mita 800 ilikimbiwa Montreal bila Boit. Alberto Juantorena wa Kuba alishinda kwa rekodi ya dunia, dakika 1:43.50. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Dunia la riadha mjini Düsseldorf, Juantorena na Boit walipokutana, Mkuba alishinda kwa tofauti ndogo sana. Msomaji na apime mwenyewe.

Tarehe 31 Julai dhahabu ya mita 1,500 ilichukuliwa na John Walker, naye ni wa New Zealand. Huyu ndiye ambaye Filbert Bayi wetu alimwacha nyuma Christchurch, mbele ya watu wa kwao, tarehe 2 Februari 1974, alipoweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Bayi wakati huo alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi, hakuwa mwanachuo, lakini hasara ni ileile.

Mimi niliyekula mshahara wa serikali miaka mingi naijua barua ya aina hiyo. Huanza kwa maneno "Serikali imeamua", wala haina nafasi ya kuandika jina la atakayelipa. Naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini vijana wale hawakuulizwa, na baadaye hapakuwa na ofisi iliyowaita kuwauliza wanaishije.

Na msidhani upande wa pili ulisalimika. Sydney Maree, mtoto wa Atteridgeville karibu na Pretoria, alikwenda kusoma chuo cha Villanova, Marekani. Kwa kuwa pasipoti yake ilikuwa ya makaburu, milango ya mashindano mengi ya kimataifa ilifungwa mbele yake, naye ni mweusi aliyeonewa na serikali hiyohiyo. Mwaka 1983 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500. Mwaka uliofuata akawa raia wa Marekani.

Maisha yao ya baadaye hayakufanana. Boit alishinda mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978, akaendelea na masomo ya juu, akawa Kamishna wa Michezo wa Kenya na profesa wa sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, mkoa wa Mara, alikichezea Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, akawa bingwa wa vyuo wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata fedha ya mita 5,000, na Bayi akapata fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji. Hadi Olimpiki ya Paris ya 2024 Tanzania haikuwa imepata medali nyingine yoyote ya Olimpiki. Nyambui alishinda pia marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988, kisha akawa kocha na kiongozi wa riadha. Bayi na mkewe wakajenga shule Kimara na Kibaha.

Anayenikaa moyoni ni Henry Rono. Kijana huyu wa Kinandi alikuwa amechaguliwa kwenda Montreal, akakosa. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Kisha mwaka 1980 Kenya ikasusia Moscow kwa ajili ya Afghanistan, akakosa tena. Hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Pombe ikamshika, fedha zikaondoka, akaosha magari, akalala pasipo makao, akabeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Albuquerque. Wako wanaomtaja kama mfano wa kuwatishia watoto. Mimi sipendi. Mtu yule aliacha pombe, akafundisha vijana mbio, akaandika kitabu cha maisha yake, na mwaka 2019 akarudi Kenya. Alifariki Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 72.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya wajukuu wetu wanaosoma katika shule za mji huu. Mwezi Aprili 2015, wageni Waafrika waliposhambuliwa Durban, watoto waliulizwa wazazi wao wamekuja kuchukua nini. Watakapoulizwa tena, wawe na majina matatu ya kutaja: Boit, Bayi, Rono. Nao wawataje kwa adabu, kwa sauti ya kawaida, bila kugombana na mtu.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, wenye kupenda kutembea tuongozane hadi Kings Park. Uwanja wa raga wa mwaka ule ungalipo, na jirani yake pana uwanja wa riadha ambamo mashindano ya Afrika yalifanyika mwaka 1993 na tena 2016, kukiwa na bendera zetu na ya Afrika Kusini pamoja. Wazee wenye magoti mabovu watapelekwa kwa gari.