Figo bandia ilikuwepo, pa kuichomeka hapakuwepo

Wasomaji, leo naweka programu kando kidogo. Swali lililonisumbua wiki hii ni hili: kama mashine ya kusafisha damu ilianza kutumika mwaka 1943, mbona watu ambao figo zao zilikufa kabisa waliendelea kupotea hadi 1960? Yeyote aliyewahi kununua kifaa kizuri kisha akakosa waya wa kukiunganisha ataelewa haraka.

Mashine ilikuwa ya daktari Willem Kolff, wa mji wa Kampen nchini Uholanzi, wakati nchi iko mikononi mwa Wanazi. Alizungushia pipa mrija wa selofeni, ule wa kutengenezea soseji, na pipa likazunguka ndani ya tangi la maji yenye chumvi. Damu ilipita ndani ya selofeni, uchafu ukachujika nje. Mwaka 1945 mama wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alizinduka.

Shida ilikuwa mlango wa kuingilia. Kila mara ilibidi apasue ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, ule unaoirudisha. Aliingiza mirija, na kazi ikiisha mishipa hiyo haikufaa tena. Sasa hesabu: mikono miwili, miguu miwili. Baada ya mara kadhaa mishipa inaisha na mashine inabaki pambo. Kwa hiyo ilimfaa tu mgonjwa ambaye figo zake zingeamka zenyewe baada ya siku chache. Wengine walirudishwa nyumbani wakafie huko.

Belding Scribner, daktari wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alishawahi kumrudisha mgonjwa wa namna hiyo. Usiku mmoja aliamka na wazo: kwani lazima mirija itolewe? Mmoja ubaki kwenye ateri, mwingine kwenye vena, na nje ya ngozi iunganishwe kwa kipande chenye umbo la U ili damu izunguke bila kuganda. Sisi wa programu tungesema aliacha muunganisho wazi badala ya kuuanzisha upya kila mara. Mhandisi Wayne Quinton alimkunjia mirija ya Teflon, na Machi 1960 akawekewa Clyde Shields, fundi wa mashine katika kampuni ya Boeing. Aliishi hadi 1971.

Mafanikio yakaleta balaa lake. Kituo kilichofunguliwa Seattle mwaka 1962 kilikuwa na nafasi chache mno, hata kamati ya raia wa kawaida ikapewa kazi ya kuchagua nani atibiwe. Na ile mirija yenyewe iliingiza vijidudu, ikaziba, na ikichomoka damu ilimwagika.

Jibu nililolipenda zaidi lilitoka Bronx, New York, mwaka 1966. James Cimino na Michael Brescia, pamoja na mpasuaji Kenneth Appell, waliishona ateri na vena moja kwa moja chini ya ngozi ya mkono. Hakuna plastiki yoyote. Damu ya ateri husukuma kwa nguvu, vena ikapanuka na ukuta wake ukawa mnene, tayari kuchomwa sindano mara tatu kwa wiki. Inaitwa fistula (si ile ya akina mama baada ya kujifungua, jina tu limegongana), na hadi leo ndiyo inayopendelewa kwa wagonjwa wengi.

Ila haitumiki siku hiyo hiyo. Inahitaji wiki kadhaa, hata miezi, ikomae. Hapa kwetu wengi hufika hospitali figo zimeshakwisha, hivyo huanza na mrija wa shingoni, ambao huleta maambukizi kwa urahisi zaidi.

Mwenye fistula hapimwi presha wala kutolewa damu kwenye mkono huo, haulalii, habebi mizigo nao. Kila siku huugusa. Akihisi mtetemo kama wa simu iliyozimwa sauti, damu inapita. Mtetemo ukikoma, hangoji kesho: anakwenda hospitali saa hiyo hiyo, maana fistula iliyoganda ikiwahiwa inaweza kuokolewa.