Printa Kubwa au Printa ya Karatasi Pana?

Mwombe muuzaji wa vifaa vya ofisi akuonyeshe "printa kubwa", naye ana haki ya kukupeleka kwenye mashine ya fotokopi yenye magurudumu, inayofika kifuani na kutoa kurasa kwa mamia bila kupumzika. Ni kubwa kweli. Lakini karatasi yake haivuki A3, na mchora ramani aliyetoka nyumbani akitafuta mashine ya kuchapia ramani za nyumba kwenye A1 hana la kufanya nayo. Mashine anayoitaka Waingereza wanaiita "large format printer". Jina hilo limeingia kwetu likiwa limetafsiriwa kwa njia kadhaa, na nyingi zinampotosha mnunuzi kabla hajauliza bei.

Tafsiri inayojitokeza sana katika maandishi yaliyofanywa haraka ni "printa ya umbizo kubwa". Umbizo ni neno lililoundwa vizuri kutoka umba na umbo, na kwenye kompyuta limeshapata kazi yake: namna data inavyopangwa ndani ya faili. Tunasema faili ina umbizo la PDF, na tunaeleweka. Kwa hiyo anayesoma "umbizo kubwa" atafikiria faili nzito. Tatizo lilianzia mbali. Huko Ulaya "format" lilikuwa neno la wachapa vitabu muda mrefu kabla ya kompyuta, likimaanisha ukubwa wa kitabu kufuatana na karatasi ilivyokunjwa. Watengenezaji wa printa wamebaki na maana hiyo ya zamani, ya ukubwa wa karatasi. Sisi tulilipokea neno kupitia kompyuta, tukalipa maana ya pili, kisha tukaitumia maana ya pili kutafsiri ya kwanza.

"Printa ya umbo kubwa" nayo haisaidii, kwa kuwa inasifu umbo la mashine. Ninayoitetea ni printa ya karatasi pana. Neno lenye uzito hapo ni pana, na linafaa kwa sababu mashine yenyewe inapimwa kwa upana. Karatasi huja ikiwa rola. Rola lina upana usiobadilika na urefu wa makumi ya mita, na mashine hukata pale ramani inapoishia. Ni kama jora la kitambaa dukani: upana ulishaamuliwa kiwandani, urefu ni wako kuutaja. Ukitaka bango jembamba la mita tatu, printa ya inchi 24 italitoa bila shida. Ukitaka ramani inayozidi upana huo hata kwa sentimita chache, hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoipanua mashine. Ndiyo maana katika kununua swali la kwanza ni "pana kiasi gani?", na jina likilibeba swali hilo ndani yake limemsaidia mnunuzi nusu ya safari.

Kiasi gani, basi? Karatasi tunazotumia Afrika Mashariki zinafuata kipimo cha ISO 216, kilichotokana na kiwango cha Wajerumani cha mwaka 1922. A0 ina eneo la mita moja ya mraba: milimita 841 kwa 1189. Ikate katikati upate A1, milimita 594 kwa 841. Ikate tena upate A2, na kuendelea hadi A4 ya barua zetu za kila siku. Printa, kwa upande wake, zinauzwa kwa inchi. Ya inchi 24 ni milimita 610, yaani inatosha A1 na kubakiza ukingo mdogo. Ya inchi 36 ni milimita 914, inatosha A0. Zipo za inchi 44 na 60, ila hizo ofisi ndogo haina sababu ya kuzifikiria. Kampuni zenyewe zimejipanga kwa mistari hiyo: Epson SureColor T3100 ni ya inchi 24 na T5100 ni ya 36, Canon imagePROGRAF TM-200 ni ya 24 na TM-300 ya 36, HP DesignJet T230 ni ya 24, na T630 inapatikana kwa vipimo vyote viwili. Kati ya 24 na 36 bei hupanda sana, na wasanifu wengi wa nyumba za kawaida hawaivuki A1. Anayechora barabara, michoro ya viwanda au ramani za mipango miji ndiye mwenye sababu ya kulipia zile inchi 12 za ziada.

Mafundi na wachora ramani wenyewe wana jina lao: plota. Wengi wanasema "nenda kaploti" wakimaanisha nenda kachape ramani. Neno hili lina historia ya heshima. Plota za kwanza hazikuchapa, zilichora. Kalamu halisi ya wino ilishikwa na mkono wa chuma ikatembea juu ya karatasi, mstari baada ya mstari. CalComp 565 ya mwaka 1959 ilikuwa na pipa lililozungusha karatasi mbele na nyuma huku kalamu ikienda kushoto na kulia. Mwaka 1991 HP ilitoa DesignJet ya kwanza, iliyorusha matone ya wino badala ya kuburuta kalamu, na katika miaka iliyofuata kalamu zikatoweka maofisini. Jina likabaki. Ndugu zetu wa Kenya wanaosema ploti kwa kiwanja wanatumia shina lilelile, kwani huko lilikotoka neno lilianza na kipande cha ardhi, likahamia kwenye mchoro wake, ndipo likafika kwenye mashine inayouchora.

Ningelikubali plota lisimame peke yake kama lingekuwa na maana moja. Halina. Kwa watengenezaji wa mabango na stika, plota ni mashine yenye kisu inayokata herufi kwenye karatasi ya gundi, na haina tone la wino. Katika maduka hayohayo kuna mashine ya tatu, ile ya mabango, yenye upana wa mita 1.6 au 3.2, inayotumia wino wa kemikali unaoshika kwenye plastiki na kuvumilia jua na mvua. Hiyo nayo inaitwa "large format". Mtu wa ofisi akiambiwa kuna mashine iliyotumika ya bei nafuu, pana kuliko zote, anaweza kujikuta amenunua mashine ya mabango: wino wake una harufu kali, unahitaji hewa ya kutosha, na mistari yake haikukusudiwa ramani ya kipimo cha 1:100. Kwa hiyo napendekeza tutenganishe: printa ya karatasi pana kwa ile ya wino wa maji inayochapa ramani na picha, mashine ya mabango kwa ile ya plastiki, na plota ya kukatia kwa ile ya kisu. Anayependa plota kwa ramani aendelee nalo mazungumzoni. Kwenye barua ya kuomba bei aandike jina refu.

Suala la unafuu ni gumu kuliko jina, kwa sababu bei ya mashine ni sehemu tu ya gharama. Chukua tarakimu za mfano. Tuseme mashine ya inchi 24 ni shilingi 3,000,000, duka la jirani linatoza 5,000 kwa ramani moja ya A1, na wewe ukichapa mwenyewe karatasi na wino vinakula 1,500. Kila ramani inakuokolea 3,500, na mashine itarudisha fedha yake baada ya ramani 857 hivi. Ofisi inayotoa ramani 20 kwa mwezi itasubiri zaidi ya miaka mitatu na nusu. Inayotoa 100 kwa mwezi itasubiri miezi tisa. Weka bei za mji wako mahali pa hizi, hesabu haibadiliki. Karatasi ni rahisi kukadiria: rola la inchi 24 lenye urefu wa mita 50 linatoa A1 zipatazo 59 ukizipanga vizuri. Wino ndio mgumu, kwa sababu mashine hizi hutumia wino hata zisipochapa. Hujisafisha vichwa ili visizibe, na ile inayokaa wiki nyingi bila kazi ndiyo inayojisafisha zaidi, au huziba kabisa. Anayechapa mara moja kwa mwezi kwa hiyo analipa zaidi kwa kila karatasi kuliko anayechapa kila siku.

Ndiyo sababu ofisi nyingi changa hazihitaji mashine hii mwanzoni. Zinahitaji printa ya A3 ya tangi la wino, kama Epson L1300, na duka zuri la kuchapisha A1. A3 ina faida ambayo watu hawaitumii vya kutosha: A1 ikipunguzwa hadi A3, kila urefu unakuwa nusu kamili. Ramani ya 1:100 inageuka 1:200, na bado unaweza kuipima kwa rula bila kubahatisha. Kwa kukagua, kusahihisha na kujadiliana na mteja mezani, hiyo inatosha. A1 inabaki kwa seti ya kupeleka halmashauri kuombea kibali cha ujenzi na ile ya fundi saiti.

Na kwa kuwa nimemtaja fundi, aina ya wino ni jambo la kuuliza mapema. Wino mwingine rangi yake imeyeyuka ndani ya maji, mwingine una chembe ndogo zinazokaa juu ya karatasi. Ramani ya wino wa kuyeyuka ikipata matone ya mvua, mistari ya rangi hutanda na vipimo vilivyoandikwa kwa rangi hupotea. Epson T3100 na Canon TM-200 hutumia wino wa chembe kwa rangi zote. Katika DesignJet ndogo za katriji za HP 711 ni mweusi pekee ulio wa chembe. Ramani ya mistari myeusi mitupu haitaona tofauti. Ile inayoonyesha mabomba kwa buluu na umeme kwa nyekundu itaiona.

Mashine zilizotumika zina bei ya kuvutia, na sizikatai. Kabla ya kutoa fedha, leta faili yako mwenyewe ichapwe mbele yako, kisha pima kwa rula mstari unaojua urefu wake. Uliza kama programu yake endeshi inakubali Windows unayotumia. Kwenye mashine za zamani kama DesignJet 500, fungua kifuniko uutazame mkanda unaovuta kibebeo cha katriji, kwani kwa umri raba yake humeguka. Uliza pia wino unapatikana mji gani. Mashine nyingi za sasa husoma chipu iliyo kwenye katriji na huweza kukataa isiyo ya kampuni yake, kwa hiyo usitegemee kwamba wino wa kujaza utakuokoa.

Baada ya hapo ombi la bei linaandikika kwa Kiswahili bila utata: printa ya karatasi pana, inchi 24, ya rola na ya karatasi mojamoja, wino wa chembe kwa rangi zote, pamoja na bei ya seti moja kamili ya wino na ya rola moja la karatasi la gramu 80. Muuzaji akijibu kwa bei ya mashine peke yake, mwandikie tena aongeze ya wino, maana katriji zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi ni za kuanzia tu na hazijajazwa kama zile utakazozinunua baadaye.