Mkanda wa Feni: Ulitoka Wapi, na Kwa Nini Hulia Asubuhi

Leo tutasoma historia ya kitu kidogo kilichomo ndani ya malori mengi. Kabla ya kuanza, mwalimu ayaandike maneno haya ubaoni, na kila mmoja ayasome kwa sauti.

Puli: gurudumu dogo ambalo mkanda hupita juu yake.
Kabari: kipande cha chuma au mti, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, cha kupasulia magogo.
Altaneta: mtambo wa gari unaofanya umeme na kuijaza betri.
Beringi: kikombe cha chuma chenye gololi, kinachofanya puli izunguke kwa wepesi.

Haya, tuanze. Ni alfajiri, na baridi ni kali. Dereva anawasha lori. Mara injini inatoa mlio mwembamba unaochoma masikio. Baada ya dakika mbili mlio unakoma, na dereva anasema, “Limepona.” Je, ni kweli limepona? Ili tumjibu, na tuone kwanza mkanda ulitoka wapi.

ZAMANI ZA NGOZI

Zamani nguvu za gurudumu la maji zilipelekwa kwenye mashine kwa magurudumu ya meno. Magurudumu hayo yalikuwa mazito na yenye makelele. Mwaka 1828, katika mji wa Lowell, Marekani, fundi mmoja jina lake Paul Moody aliweka mikanda ya ngozi badala ya meno hayo. Mto ulizungusha gurudumu, gurudumu likavuta mkanda, na mkanda ukapeleka nguvu mpaka kwenye vitanda vya kufumia nguo. Viwanda vya sehemu zile za Marekani ndivyo vilivyofuma kitambaa kilicholetwa Unguja kwa majahazi makubwa, kikauzwa pwani na bara. Wazee wetu walikiita merikani, na jina hilo lipo mpaka leo.

Lakini ngozi ilikuwa na taabu zake. Hutanuka kwa kazi. Ikipata unyevu hubadilika. Na mkanda bapa, yaani mpana kama mshipi wa suruali, huteleza juu ya puli kazi ikizidi. Kwa hiyo mafundi waliupaka nta au utomvu ili ushike. Basi kumbuka jambo hili: kuteleza ni ugonjwa wa mkanda tangu zamani.

MKANDA UNAINGIA KATIKA GARI

Mwaka 1886 Karl Benz wa Ujerumani alipotengeneza gari lake la magurudumu matatu, alitumia mkanda wa ngozi kupeleka nguvu za injini. Mwaka 1896 Gottlieb Daimler, Mjerumani pia, alitengeneza lori la kwanza. Lilikuwa na nguvu za farasi 4, likachukua mzigo wa kilo 1,500. Nalo pia lilitumia mkanda.

Mwaka 1908 ikatoka Ford Model T. Katika gari hilo mkanda ulikuwa na kazi ndogo, kuzungusha feni basi. Katika nyingi za gari hizo maji ya kupoza injini yalizunguka yenyewe, kwa kuwa maji ya moto hupanda na maji baridi hushuka. Mkanda ulipokatika, feni tu ndiyo iliyosimama.

KABARI YA MPIRA

Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira uliochanganywa na kiberiti na kupashwa moto hauyeyuki juani wala haukakamai ovyo. Mwaka 1917, katika mji wa Denver, John Gates alitengeneza mkanda wa mpira na kitambaa wenye umbo la herufi V. Puli nayo ilichongwa mfereji wa umbo hilo hilo.

Faida yake ni nini? Fikiri juu ya kabari katika gogo. Kadiri unavyoipiga, ndivyo inavyobanwa. Mkanda wa V hufanya vivyo hivyo: kadiri unavyovutwa, ndivyo unavyozama katika mfereji na kushika kwa mbavu zake. Ukipwaya, au mbavu zikilika hata mkanda ukagusa chini ya mfereji, kabari haibani tena.

KAZI ZINAONGEZEKA

Baada ya hapo mkanda ulibebeshwa kazi nyingi: pampu ya maji, dainamo, na baadaye pampu ya usukani. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ilianza kuweka altaneta badala ya dainamo katika gari lake la Valiant, na magari mengine yakafuata. Mwaka 1979 Ford Mustang ilitoka na mkanda mmoja mrefu wenye mifereji mingi myembamba, unaozunguka puli zote, nao hukazwa na springi. Tangu hapo mkanda mmoja ukikatika, kazi zote husimama pamoja.

Sasa uone hatari yake. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake yenyewe, na njia ya mafuta ya Zambia ikazibwa. Malori yakabeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, kupita Morogoro, Iringa na Mbeya, katika barabara ya vumbi na matope. Waingereza waliiita barabara hiyo njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilimalizika mwaka 1968. Fikiri wewe mwenyewe: mkanda ukikatika katika njia kama ile, maji hayazunguki, injini inachemka, betri haijazwi, na fundi yuko mbali.

KWA NINI HULIA ASUBUHI

Sababu ni nne. Kwanza, mpira wa baridi ni mgumu, haushiki vizuri. Pili, umande umelowesha mkanda na puli. Tatu, kuwasha injini kumekula umeme mwingi wa betri, na altaneta inafanya kazi kwa nguvu kuurudisha, hivyo puli yake ni nzito kuzungusha. Nne, mafuta ya pampu ya usukani ni mazito kwa baridi.

Injini ikipata moto, mpira hulainika, umande hukauka, betri hujaa, na mlio hukoma. Mzigo umepungua tu, mkanda haujapona. Tena kila unapoteleza hupata moto, mbavu zake zikang’aa kama kioo, na kesho utateleza zaidi. Siku moja utakatika.

NAMNA YA KUCHUNGUZA

Zima injini, toa ufunguo. Tazama mkanda: je, una nyufa, unang’aa, au una mafuta? Mikanda mipya mara nyingi haipasuki hata ikichakaa, kwa hiyo tazama pia kama mifereji yake imelika. Ubonyeze kwa kidole uone kama umelegea.

Kisha washa injini, simama mbali na feni, nyunyiza maji kidogo juu ya mkanda. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: umelegea au springi yake imechoka. Mlio ukikoma kidogo kisha ukarudi, puli hazikukaa katika mstari mmoja. Usipobadilika hata kidogo, zima injini, vua mkanda, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuyumba ina beringi mbovu.

Usipake mafuta wala sabuni. Mlio utanyamaza, lakini mkanda utateleza zaidi. Usikaze kupita kiasi. Utaua beringi za altaneta na za pampu ya maji. Na usitie mkono karibu na mkanda unaozunguka. Mikono ya shati na ncha za kanga hunaswa upesi, na vidole havina akiba dukani.

MASWALI YA DARASANI

1. Paul Moody alibadili nini mwaka 1828?
2. Mkanda wa V unafanana na kabari kwa jambo gani?
3. Yule dereva aliyesema “Limepona,” utamjibu nini? Andika jibu lako kwa sentensi tatu.

Mwenye jirani dereva amsomee somo hili leo jioni. Kwaherini, mpaka somo lijalo.